Kupima protini za inflamesheni kwa mzee mwenye dimenshia: kuanzia mkononi hadi kwenye grafu

Ukipima IL-6, mojawapo ya protini za inflamesheni, kwenye damu ya mzee mwenye ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia (kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), kwa kawaida utapata pikogramu chache kwa mililita. Ukimpima jirani yake wa rika lilelile mwenye kumbukumbu nzima, utapata pikogramu chache vilevile. Tofauti unayoitafuta imejificha kati ya namba hizo mbili, nayo ni ndogo. Jino lililooza, mafua yaliyopona juzi, au tyubu iliyosahauliwa mezani mchana kutwa huweza kuipandisha IL-6 kuliko ugonjwa wa ubongo wenyewe.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla mashine ya kusomea haijawashwa. Hapo ndipo tafiti nyingi za aina hii huharibika, na sampuli ikishaharibika hakuna hesabu ya kuirudisha. Walengwa ni wataalamu wa maabara, wanafunzi wa uzamili na madaktari wanaotaka kupima protini hizi kwa ajili ya utafiti. Kwa sasa vipimo hivi havitumiki kumwambia mgonjwa ana dimenshia au hana.

Unapima nini, na kwa nini

Inflamesheni ni mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya vijidudu, jeraha au taka za seli. Kwenye ngozi unaiona kwa macho: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Ndani ya ubongo wenye Alzheimer au Parkinson huoni usaha wala homa. Kilichopo ni maikroglia, yaani seli za ulinzi za ubongo, zilizobadilika umbo na kuanza kumwaga protini za kuita msaada, ambazo ni saitokini.

Mwaka 1988 Patrick McGeer na wenzake huko Vancouver, Kanada, walionyesha kuwa ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson na Alzheimer umejaa maikroglia zenye alama ya HLA-DR, alama ya seli ya kinga iliyo kazini. Kwa miaka mingi wengi walilichukulia jambo hilo kuwa matokeo tu: seli za neva zinakufa, wasafishaji wanakuja. Msimamo huo ulitikiswa na vinasaba. Kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013, makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba mabadiliko adimu kwenye jeni ya TREM2 huongeza hatari ya Alzheimer takriban mara tatu. Ndani ya ubongo, jeni hiyo hufanya kazi hasa kwenye maikroglia. Jeni ya seli za ulinzi ikiweza kubadili hatari ya ugonjwa, basi seli hizo si watazamaji.

Mlolongo wenyewe ni vizuri kuujua kwa sababu ndio unaokuongoza kuchagua cha kupima. Vifundo vya protini ya amiloidi beta, au vya protini ya alfa-sinukleini kwa upande wa Parkinson, hunaswa na vipokezi vilivyo juu ya maikroglia. Kwanza seli hutengeneza IL-1 beta changa, isiyofanya kazi. Kisha mtambo wa protini uitwao NLRP3 hujikusanya ndani ya seli, huamsha kimeng'enya cha kaspasi-1, nacho huikata IL-1 beta iwe kamili na kutoka nje pamoja na IL-18. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba panya wenye amiloidi waliokosa NLRP3 walihifadhi kumbukumbu vizuri zaidi kuliko wenzao. Protini nyingine tatu za maikroglia, IL-1 alfa, TNF na C1q, zikishirikiana huzifanya astrosaiti, seli saidizi za ubongo, ziache kazi yake ya kuzilea seli za neva. Zaidi ya hayo, C1q na C3, protini nyingine ya kinga, hubandikwa kwenye maungio ya neva, na kwa panya imeonekana kwamba maikroglia huyala maungio yaliyobandikwa alama hiyo.

Protini hizi si sumu tupu. Maikroglia zenye TREM2 nzima huvizingira vifundo vya amiloidi na kuvibana visisambae. Mtu akikuambia kila saitokini ni adui na dawa ni kuizima, muulize anazungumzia hatua gani ya ugonjwa.

Kwenye damu, orodha ya kuanzia ni IL-6, TNF, CRP ya unyeti wa juu na GFAP. GFAP hutoka kwenye astrosaiti, kwa hiyo ndiyo yenye uhusiano wa karibu zaidi na ubongo kati ya hizo nne. CRP hutengenezwa kwenye ini kwa amri ya IL-6, na kazi yake kwako ni kukuonya kuhusu maambukizi. IL-1 beta iache, labda uwe na mashine ya kuhesabu molekuli mojamoja. Kwenye plazma, yaani majimaji ya damu bila seli, mara nyingi iko chini ya pikogramu 1, na ELISA ya kawaida (kipimo cha kingamwili kwenye sahani ya visima) itakupa safu ndefu ya sifuri.

Kwenye maji ya uti wa mgongo ongeza sTREM2 (kipande cha TREM2 kinachoelea nje ya seli) na YKL-40 (protini inayotoka hasa kwenye astrosaiti). Hizi hupimwa kwa nanogramu, hivyo ELISA ya kawaida huzikamata bila taabu. Pamoja nazo pima alama za ugonjwa wenyewe: uwiano wa amiloidi beta 42 kwa 40, na p-tau217, yaani protini ya tau iliyopachikwa fosfeti. Bila hizo unalinganisha "wanaosahau" na "wasiosahau", na kundi la kwanza litakuwa mchanganyiko wa Alzheimer, kiharusi kidogokidogo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea na sonona.

Kumwandaa mshiriki

Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kuwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimenshia. Kutoka hukohuko Hai kilitengenezwa kipimo kifupi cha IDEA, ambacho hakimhitaji mzee ajue kusoma na kuandika. Kitumie kuchuja, kisha daktari athibitishe. Kipimo kinachomtaka mtu aandike sentensi kitamhesabu kama mgonjwa bibi ambaye hakuwahi kupelekwa shule.

Ridhaa ichukuliwe kwa mzee mwenyewe kadiri anavyoelewa, pamoja na ndugu anayemtunza, na iombwe tena asubuhi ya kutoa damu. Msalimie kwanza, muite babu au bibi kama anavyoitwa nyumbani kwake, mweleze hatua moja baada ya nyingine. Akiuvuta mkono, huko ni kukataa, hata kama mtoto wake alishatia sahihi. Kibali cha maadili kipatikane mapema: Tanzania hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, baada ya kamati ya maadili kuridhia. Kama sampuli zitasafirishwa nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli huandaliwa kabla ya kuanza kukusanya, kwa sababu huchukua miezi.

Siku ya kipimo, mshiriki aje kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, awe hajala tangu usiku, na asiwe amelima au kubeba mizigo mizito tangu jana yake. Msuli unaofanya kazi ngumu humwaga IL-6 kwenye damu. Washiriki wote waje katika saa zilezile, kwa kuwa IL-6 hubadilika kati ya mchana na usiku.

Kabla ya sindano, kusanya haya:

- Joto la mwili, na kama amepata homa, kikohozi, kuharisha, kidonda, chanjo au kung'olewa jino ndani ya siku 14.
- Kipimo cha malaria. Kile cha haraka kinachotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, kwa hiyo kikiwa chanya kwa mtu asiye na homa, thibitisha kwa darubini.
- Mkojo kwa kijiti. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa wazee huweza kuja bila homa wala maumivu.
- Hali ya VVU, kwa ridhaa na ushauri nasaha. VVU huleta inflamesheni ya ubongo kwa njia yake yenyewe, na mtu anayetumia dawa vizuri bado anaweza kuwa na saitokini zilizopanda.
- Uzito, urefu na mzunguko wa kiuno. Mafuta ya mwili hutengeneza sehemu kubwa ya IL-6 inayozunguka kwenye damu, ikikadiriwa kufika theluthi.
- Sigara, ugoro, na hali ya meno na fizi.
- Dawa zote, na mwambie ndugu azilete na mfuko wake. Unatafuta prednisolone, ibuprofen, diclofenac, dawa za kushusha kolesteroli, na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, ambayo huvuruga vipimo vinavyotumia streptavidini, protini inayoishika biotini.

CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita, usichukue sampuli ya utafiti siku hiyo. Mpeleke atibiwe, kisha rudia baada ya wiki mbili au tatu. Kwa malaria iliyotibiwa, kuwa mvumilivu zaidi na mpe wiki nne. Wapo watakaokulaumu kwamba unapoteza washiriki. Ni afadhali kupungukiwa na wachache kuliko kuwabakiza watu ambao namba zao zinazungumzia kibofu.

Damu

Tumia tyubu ya EDTA, kemikali ya kuzuia damu kuganda, yenye kifuniko cha zambarau. Seramu haifai sana kwa kazi hii: damu inapoganda, chembe sahani na seli nyeupe humwaga protini zake ndani ya tyubu, na kiasi kinachomwagwa hutegemea dakika za kuganda. Tyubu za hepari nazo zina hatari yake, kwani hepari (kizuizi kingine cha kuganda) iliyochafuliwa na endotoksini, sumu ya bakteria, huziamsha seli nyeupe zikatengeneza IL-6 na TNF ndani ya tyubu. Ukishachagua aina moja, usiibadili katikati ya utafiti hata dukani zikiisha.

Sindano iwe ya geji 21. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Jaza tyubu hadi mstari wake, maana tyubu iliyojaa nusu ina EDTA nyingi kuliko inavyotakiwa. Igeuze juu chini taratibu mara 8 hadi 10 bila kuitikisa. Andika saa na dakika kwenye lebo palepale, kisha iweke kwenye maji yenye barafu, isigusane na barafu kavu wala vipande vilivyogandishwa sana, kwa kuwa seli zikiganda hupasuka.

Izungushe kwenye sentrifuji ndani ya saa moja. Saa mbili ndiyo mwisho. Nguvu inayotakiwa ni 2000 g (mara 2000 ya nguvu ya uvutano) kwa dakika 15, kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Maabara nyingi huandika "mizunguko 3000" na kuona imetosha, ilhali mizunguko hiyohiyo hutoa nguvu tofauti kulingana na ukubwa wa mashine. Kanuni ni hii: g = 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × (mizunguko kwa dakika)². Mashine yenye nusu kipenyo cha sm 10 ikizunguka mara 3000 hutoa takriban 1000 g tu, nusu ya unachohitaji. Itakubidi uifikishe karibu 4230. Yenye sm 15 huhitaji karibu 3450. Pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili hadi chini ya tyubu ikiwa imelala, uandike namba hiyo juu ya mashine kwa kalamu isiyofutika.

Vuta plazma kwa pipeti na uache karibu nusu sentimita juu ya tabaka jeupe. Ukiligusa, umebeba seli nyeupe, na zikipasuka kwenye friza zitaachia kila kilichomo ndani yake. Tyubu ya mililita 10 hukupa plazma ya mililita 4 hadi 5. Igawe kwenye vijichupa vya polipropileni, mililita 0.25 kila kimoja, ili kila kipimo kifungue kijichupa chake na usiyeyushe na kugandisha upya. Plazma yenye wekundu wa damu iliyovunjika iandikiwe alama kuanzia 0 hadi 3 kwa kulinganisha na kadi ya rangi, na yenye alama 2 au 3 isiingie kwenye uchambuzi.

Iwekwe kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni ya kusubiria kwa siku chache, si ya kuhifadhia miezi, hasa zile zinazojiyeyusha barafu zenyewe, kwa sababu hupasha joto na kupoza kila siku. Umeme ukikatika usiifungue friza kuangalia. Weka ndani kirekodi joto kinachohifadhi kumbukumbu, ili ujue kama sampuli zilifikia kuyeyuka au la, na ugawe kila mtu kwenye friza mbili zilizo kwenye saketi mbili za umeme.

Maji ya uti wa mgongo

Kazi hii ni ya daktari aliyezoea. Haifanyiki kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye maambukizi ya ngozi mgongoni, au mwenye dalili za shinikizo kubwa ndani ya fuvu. Sindano huingia kati ya pingili L3 na L4, au L4 na L5. Chagua yenye ncha butu, isiyokata. Hupunguza sana maumivu ya kichwa ya siku zinazofuata.

Matone ya mwanzo, mililita 1 hadi 2, yapelekwe kuhesabiwa seli, protini na glukosi. Yanayofuata, mililita 10 kwa jumla, yaingie moja kwa moja kwenye tyubu ya polipropileni. Polistirini na glasi hunasa amiloidi beta kwenye kuta zake, nawe ukadhani mgonjwa ana kiwango cha chini. Usiyahamishe kutoka tyubu hadi tyubu bila sababu, kwa kuwa kila uso mpya hunyonya kidogo. Zungusha 2000 g kwa dakika 10, gawanya mililita 0.5 kwa kila kijichupa, ujaze karibu robo tatu, gandisha.

Sampuli yenye chembe nyekundu zaidi ya 500 kwa mikrolita iache. Tone la damu huleta protini za damu, nawe ukaziita za ubongo. Kosa jingine la namna hiyo halionekani kwa macho: ukuta kati ya damu na ubongo ukilegea, protini za damu huvuja zenyewe. Pima albumini ya maji ya uti wa mgongo na ya seramu ya siku hiyohiyo, gawa ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 1000. Kikomo cha juu hukadiriwa kwa 4 + (umri ÷ 15). Mtu wa miaka 75 kikomo chake ni 9. Akiwa na 14, IL-6 yake isomwe kwa tahadhari, na uwiano huo uingie kwenye hesabu za mwisho.

Sahani ya visima 96

Angalia kwanza kama kifaa kinafika kwenye kiwango unachotafuta. ELISA ya kawaida ya IL-6 huwa na viwango, yaani sampuli za kulinganishia zenye kiasi kinachojulikana, vinavyoanzia pikogramu 600 kwa mililita na kushuka kwa nusu hadi 9.4. Plazma ya mzee mwenye afya ina 2 au 3. Sampuli zako zote zitaangukia chini ya kiwango cha mwisho, na programu ya mashine itakupa namba kwa adabu kabisa, namba zisizo na maana. Kwa IL-6 na TNF za damu nunua ya unyeti wa juu, yenye viwango kama 10, 5, 2.5, 1.25, 0.625, 0.313 na 0.156.

Panga sahani kabla ya kuyeyusha chochote. Viwango 7 na sifuri moja isiyo na protini, kila kimoja mara mbili, huchukua visima 16. Sampuli mbili za udhibiti, moja ya chini na moja ya juu, huchukua 4. Vinabaki 76, yaani watu 38 kwa visima viwiliviwili. Changanya wagonjwa na wasio wagonjwa ndani ya kila sahani kwa bahati nasibu. Ukiweka wagonjwa kwenye sahani ya kwanza na wengine kwenye ya pili, utakuwa umepima tofauti ya sahani. Sampuli za mtu mmoja za miaka tofauti zikae sahani moja, na anayeendesha kipimo asijue nani ni nani. Sampuli za udhibiti zitengeneze mwenyewe kwa kuchanganya plazma za watu kadhaa, uzigawe vijichupa 50 mwanzoni mwa utafiti.

Vifaa vingi vya unyeti wa juu huja na sahani iliyokwisha kupakwa kingamwili, na karatasi ya kiwanda hushinda maelekezo haya. Kwa sahani unayopaka mwenyewe, kama ya YKL-40, mwendo ni huu:

1. Paka kingamwili ya kunasa, mikrogramu 1 hadi 4 kwa mililita ndani ya PBS (maji ya chumvi yenye bafa), mikrolita 100 kwa kisima. Funika, acha usiku kucha.
2. Osha mara 3 kwa mikrolita 350 za PBS yenye sabuni ya Tween-20 ya asilimia 0.05. Kila mara geuza sahani uipigepige juu ya karatasi safi mpaka isitoe tone.
3. Ziba nafasi zilizobaki kwa albumini ya ng'ombe asilimia 1 ndani ya PBS, mikrolita 300, kwa saa moja. Osha.
4. Yeyusha sampuli kwenye barafu, zichanganye taratibu, zizungushe 10,000 g kwa dakika 5 ili nyuzi za fibrini zitulie chini. Chukua juu.
5. Weka viwango na sampuli zilizozimuliwa, mikrolita 100, saa 2. Kuweka sahani nzima kusizidi dakika 10, la sivyo safu ya mwisho itakuwa imekaa muda mfupi kuliko ya kwanza. Osha.
6. Kingamwili ya kutambua yenye biotini, mikrolita 100, saa 2. Osha.
7. Streptavidini-HRP (HRP ni kimeng'enya kitakacholeta rangi), mikrolita 100, dakika 20 gizani. Osha, safari hii mara 5.
8. TMB, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na HRP, mikrolita 100, dakika 20 gizani. Rangi ni ya bluu.
9. Asidi ya salfuriki ya mol 1 kwa lita, mikrolita 50. Rangi inageuka njano. Soma ndani ya dakika 15 kwenye nanomita 450, utoe usomaji wa 570.

Kiasi cha kuzimua YKL-40 kitafutwe kwa majaribio: chukua sampuli tatu, zipime kwa 1:50, 1:100 na 1:200. Ukizidisha jibu kwa mzimuo, namba tatu za mtu mmoja zinapaswa kukaribiana. Kama inapanda kadiri unavyozimua, kuna kitu kwenye maji hayo kinachozuia kipimo, nawe utalazimika kuanzia kwenye mzimuo mkubwa zaidi. Pia ongeza kiasi kinachojulikana cha protini kwenye sampuli na uone kama unakipata: kati ya asilimia 80 na 120 inakubalika.

Yanayoenda kombo

Sahani nzima imebaki nyeupe, hata viwango vya juu. Angalia bafa: azidi ya sodiamu, inayowekwa ili vijidudu visiote, huua kimeng'enya cha HRP. Kama haimo, huenda streptavidini imesahaulika, au TMB imepitwa na muda.

Sahani nzima imekuwa ya bluu, hata sifuri. Kuosha hakukutosha, au TMB ilichafuliwa kwa pipeti iliyogusa HRP. Mimina TMB kwenye chombo chake kipya, na iliyobaki usiirudishe kwenye chupa.

Visima vya pembeni vimepanda kuliko vya katikati. Sahani ilitoka kwenye jokofu ikawekewa sampuli ikiwa bado baridi, au ilikaa karibu na kiyoyozi. Iache nusu saa kwenye joto la chumba, ifunike kwa karatasi yenye gundi, na usipange sahani mbili moja juu ya nyingine.

Visima viwili vya mtu mmoja havifanani. Mtawanyiko ukizidi asilimia 15, rudia. Ukiona wengi wako hivyo, kagua pipeti kwanza: pima maji yaliyosafishwa ya mikrolita 100 kwenye mizani mara kumi, inapaswa kuwa karibu gramu 0.1 kila mara.

Mtu mmoja ana saitokini zote za juu ajabu, CRP yake ikiwa ya chini. Shuku kingamwili kwenye damu yake zinazounganisha kingamwili za kunasa na za kutambua bila saitokini kuwapo. Rumatoidi fakta, kingamwili ya ugonjwa wa baridi yabisi, hufanya hivyo. Rudia ukiwa umeongeza kizuizi, kwa kawaida seramu ya panya au IgG iliyosafishwa. Namba ikianguka, ile ya kwanza haikuwa ya kweli.

Kuzisoma namba

Grafu ya viwango ichorwe kwa mlinganyo wa vigezo vinne, usitumie mstari ulionyooka. Kikomo cha chini kabisa ni wastani wa sifuri kuongeza mtawanyiko sanifu mara tatu, kisha usome kwenye grafu. Walio chini ya kikomo usiwafute wala kuwaandikia sifuri. Kama ni wachache, waandikie kikomo kilichogawanywa kwa 1.414, na wakizidi robo ya washiriki tumia mbinu ya takwimu iliyotengenezwa kwa data zilizokatwa. Saitokini zina mkia mrefu upande wa kulia, hivyo zibadilishe kuwa logi kabla ya kulinganisha wastani. Umri, jinsia, uzito kwa urefu, sigara, dawa, VVU na namba ya sahani viingie wote kwenye modeli. Kama umepima protini 20, kwa wastani moja kati yake itakupa p chini ya 0.05, yaani tofauti inayoonekana ya kweli kitakwimu, kwa bahati tu, hivyo rekebisha kwa wingi wa majaribio na utaje zote 20 kwenye ripoti.

Sasa swali zito: IL-6 iliyopanda ndiyo inayoleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unaoipandisha? Sampuli za siku moja haziwezi kujibu. Historia ya dawa inafundisha tahadhari. Watu waliotumia dawa za kupunguza inflamesheni kwa miaka mingi walionekana kupata Alzheimer kwa nadra, lakini jaribio la ADAPT la Marekani, lililowapa wazee naproxen au celecoxib, lilisitishwa mwaka 2004 na halikuonyesha kinga. Aspirini ya miligramu 100 kwa siku nayo haikupunguza dimenshia kwenye jaribio kubwa la ASPREE la Australia na Marekani. Huenda dawa zilichelewa, huenda zililenga protini isiyohusika, na huenda waliokuwa wakizitumia tangu zamani walitofautiana na wengine kwa mambo mengine. Ndiyo maana tafiti zinazorudia kumpima mtu yuleyule kila mwaka, tangu akiwa na akili timamu, zina thamani kuliko tafiti kumi za siku moja.

Kwa upande wa pili, inflamesheni ya mwilini ina uzito kwa mtu ambaye tayari ni mgonjwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2009 uliwafuatilia watu wenye Alzheimer kwa miezi 6. Waliopata maambukizi au majeraha walishuka kumbukumbu kwa kasi ya takriban mara mbili kuliko wasiopata, na waliokuwa na TNF ya juu kwenye damu tangu mwanzo walishuka zaidi.

Kwa hiyo andaeni mapema utaratibu wa matokeo ya dharura, wenye jina la daktari wa kupigiwa na namba yake ikiwa imebandikwa ukutani maabara. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri juzi na leo hamtambui mwanawe, huku CRP yake ikisoma 80, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akachunguzwe mapafu, mkojo, malaria na dawa anazotumia. Ripoti ya CRP itolewe siku ya kipimo, isisubiri sahani ijae.